Tulifika uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, tumechelewa saa 26 kutoka Brussels: je, fidia ya yuro 600 inatuhusu na sisi?

Mama wa Kamalondo

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Naomba msaada wa wale wanaolijua jambo hili vizuri, kwa maana nimeuliza huku na huku hapa Lubumbashi na kila mmoja amenijibu lake.

Mwezi wa nane mwaka jana, mimi na mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka 11 tulikuwa tunarudi nyumbani kutoka Ubelgiji, ambako nilikwenda kumsaidia binti yangu aliyejifungua. Tiketi ilikuwa moja, imeandikwa Brussels hadi Lubumbashi, na njiani tulitakiwa kubadilisha ndege mara moja katika nchi nyingine ya Afrika, ambako ndiko shirika lenyewe linakotoka. Ndege ya kwanza iliondoka Brussels kwa wakati wake. Shida ilianza kwenye ndege ya pili: tulikuwa tumekwisha kaa vitini na kufunga mikanda, ndipo tukatangaziwa kwamba kuna hitilafu ya mitambo, tukashushwa, tukawekwa katika ukumbi mmoja tangu asubuhi hadi usiku, na mwishowe tukaambiwa kwamba safari imefutwa na tutaondoka kesho yake. Kila mtu alipewa mkate wenye kipande cha jibini na chupa ya maji. Chumba cha kulala hatukupewa. Mtoto alilala juu ya viti vya chuma, kichwa chake juu ya mapaja yangu, nami sikufumba jicho mpaka kulipokucha kwa kuogopa kuibiwa mkoba. Tulifika Luano tukiwa tumechelewa saa 26.

Nilipolalamika katika ofisi yao hapa mjini, walinipa vocha ya dola 150 kwa kila mmoja wetu, ya kutumiwa ndani ya mwaka mmoja, pamoja na karatasi ya kutia sahihi kwamba nimeridhika na sina madai mengine. Binti yangu akaniambia kwa simu nisikubali, kwa sababu iko sheria ya Ulaya inayosema yuro 600 kwa kila abiria. Nikarudi ofisini. Karani akanieleza, kwa adabu nzuri tu, kwamba sheria hiyo ni ya raia wa Ulaya na ya mashirika ya Ulaya, na kwamba isitoshe ndege iliharibika Afrika, si Ulaya. Karatasi ile bado iko kabatini, sijaitia sahihi.

Yuko pia kijana mmoja anayejitolea kunifuatilia madai, lakini anataka asilimia 40 na hati ya uwakilishi yenye sahihi yangu. Naomba mnieleze: ninayo haki au sina? Na kama ninayo, nianzie wapi?

Mfanyabiashara wa Golf

Pole sana Mama, na pole kwa mtoto. Mimi nakushauri upokee vocha hiyo, kwa sababu wengine hata hiyo hatukuiona. Miezi minane iliyopita nilikuwa naenda Johannesburg kutafuta vipuri vya pampu za mgodini, ndege ikafutwa hapa Luano baada ya sisi kukaa saa tano tukingoja, nikaondoka baada ya siku mbili. Hoteli ya Johannesburg nilikuwa nimekwisha ilipia usiku wa kwanza na wa pili, fedha zikapotea, na dereva niliyemkodi akanidai siku yake ya kazi. Niliwaandikia habari za yuro 600 hizo, nikajibiwa kwamba haziwahusu. Nikaacha. Sheria hizi zimetungwa na watu wa huko kwa ajili ya watu wa huko, na sisi tunapoteza muda tu.

Karani wa Zamani wa Ajansi

Mama wa Kamalondo, tafadhali sana usitie sahihi karatasi hiyo. Nimeuza tiketi katika ajansi moja katikati ya mji huu kwa miaka 14, na jambo linaloniumiza hadi leo ni kuona watu wa kwetu wakiacha haki yao mezani kwa sababu mtu mwenye tai shingoni amewaambia kwamba haiwahusu.

Sheria anayoisema binti yako ni Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, ambayo ilianza kutumika tarehe 17 Februari 2005. Haiulizi pasipoti yako ni ya rangi gani. Inauliza mambo mawili tu: ndege iliondoka wapi, na nani aliyeiendesha. Ukiondoka katika kiwanja kilichomo ndani ya Umoja wa Ulaya, kanuni inakulinda hata kama shirika ni la Afrika, la Asia au la Marekani. Ukiwa unakwenda Ulaya kutoka nje, inakulinda ikiwa tu shirika linaloendesha ndege ni la Ulaya. Basi katika safari yako hiyo hiyo moja, ulipokuwa unakwenda Brussels kutoka Luano kwa shirika la Afrika hukuwa na ulinzi huo, lakini ulipokuwa unarudi ulikuwa nao, wewe na mtoto, kama alivyokuwa nao Mbelgiji yeyote aliyekaa kiti cha jirani. Ndiyo sababu Papa wa Golf alijibiwa vile: aliondoka Luano kwenda Johannesburg, na Ulaya haimo kabisa katika habari yake. Alijibiwa sawasawa kuhusu yuro 600, lakini yeye pia hakuambiwa yote, nitamrudia.

Sasa neno la karani kwamba ndege iliharibika Afrika. Swali hili hili lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na jibu lilitolewa tarehe 7 Aprili 2022. Abiria watatu walitoka Brussels kwenda San José huko Marekani, wakabadilisha ndege Newark, na ndege zote mbili ziliendeshwa na United Airlines, shirika la Marekani. Ndege ya kwanza haikuwa na neno. Ya pili ilipata hitilafu ya mitambo ikiwa Marekani, wakafika wamechelewa dakika 223. Shirika likasema kwamba kilichotokea Newark hakiihusu sheria ya Ulaya. Mahakama ikakataa: maadamu tiketi ni moja na safari ilianzia Brussels, safari yote ni kitu kimoja hadi mwisho wake. Ukiondoa majina ya miji, Mama, hiyo ni safari yako.

Kuhusu hitilafu ya mitambo yenyewe, ni kweli kwamba kanuni inalisamehe shirika fidia pale palipotokea hali zisizo za kawaida ambazo lisingeweza kuziepuka, kama vile dhoruba, vita, kufungwa kwa anga au ndege kugongana na ndege wa angani. Lakini mitambo kuharibika ni sehemu ya kazi ya kila siku ya mwenye ndege, kama vile mwenye basi anavyojua kwamba tairi hupasuka. Mahakama ilisema hivyo mwaka 2008 katika kesi dhidi ya Alitalia, ikarudia mwaka 2015 katika kesi dhidi ya KLM, ambapo abiria wa kutoka Quito kwenda Amsterdam walichelewa saa 29 kwa sababu ya vipuri vilivyoharibika kabla ya muda wake. KLM ilieleza kwamba hakuna aliyetazamia uharibifu ule, na bado maelezo hayo hayakutosha. Kasoro ya siri iliyotoka kiwandani, au ndege iliyohujumiwa kwa makusudi, hiyo ni habari nyingine, lakini kuithibitisha ni kazi ya shirika, si yako.

Kiasi cha fedha hufuata umbali unaopimwa kama ndege wa angani arukavyo, kutoka mahali pa kwanza pa kuondokea hadi mwisho wa tiketi, wala si kwa kufuata pembe za njiani. Hadi kilomita 1,500 ni yuro 250. Kutoka hapo hadi 3,500 ni yuro 400. Zaidi ya hapo ni yuro 600. Kutoka Brussels hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 7,000. Mwanao, ikiwa alilipiwa tiketi, naye ni abiria kamili. Jumla yenu ni yuro 1,200.

Na vocha? Kanuni inasema fidia hulipwa kwa fedha taslimu, kwa benki au kwa hundi, na vocha inakubalika pale tu abiria mwenyewe anapoandika na kutia sahihi kwamba ameikubali. Ndiyo maana karatasi hiyo ilitengenezwa. Iache kabatini.

Papa wa Golf, wewe nenda kwenye Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kongo yetu imo na Afrika Kusini imo. Mkataba huo hautoi kiasi kilichopangwa kama yuro 600. Unakurudishia hasara uliyoipata kweli kutokana na ucheleweshaji, ukiwa na stakabadhi, isipokuwa shirika lithibitishe kwamba lilifanya yote yaliyowezekana kuizuia. Zile siku mbili za hoteli na ile siku ya dereva ni hasara ya kweli. Una miaka miwili tangu siku uliyofika, au uliyotakiwa kufika, kufungua madai mahakamani. Hujachelewa bado.

Mama, wewe pia unayo miaka miwili, kwa hiyo fanya mambo yako bila haraka.

Mwana wa Ruashi, Liège

Yaya Karani, nakushukuru kwa maelezo, na mengi uliyoandika ni sahihi kabisa, lakini nalazimika kuingilia kwa haraka katika sentensi yako ya mwisho, kwa sababu inaweza kumkosesha Mama yuro 1,200.

Miaka miwili ni ya Mkataba wa Montreal. Fidia ya Kanuni 261 haifuati muda huo. Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 2012 kwamba muda wa kudai fidia hii unafuata sheria ya nchi ambayo kesi inafunguliwa: Ufaransa ni miaka mitano, Ujerumani ni mitatu, Uholanzi ni miwili. Ubelgiji ni mwaka mmoja tu. Mama aliondoka Brussels mwezi wa nane, na sasa tuko mwezi wa sita. Ana miezi miwili, si miaka miwili. Wala asifikiri kwamba kuandika barua kwa shirika kunasimamisha saa. Kuna mashirika yanayojibu polepole kwa makusudi, barua moja kila baada ya wiki tano, hadi mwaka unapokwisha.

Mama, tafadhali anza wiki hii. Mimi nilidai fidia yangu miaka michache iliyopita, nilipochelewa kufika nyumbani kwa maziko ya baba mkubwa, na nilifanya kila kitu mwenyewe bila wakili. Niliandika kwa shirika, nikangoja wiki sita, jibu likawa lile lile la hitilafu ya mitambo. Nikapeleka malalamiko katika Wizara ya Uchukuzi ya Ubelgiji, SPF Mobilité et Transports, yenye idara inayopokea kesi za abiria waliotoka katika viwanja vya nchi hii. Hailipishi kitu. Inachunguza na kutoa maoni, na ingawa maoni hayo hayalilazimishi shirika kama hukumu ya hakimu, kwa upande wangu yalitosha: fedha ziliingia katika mwezi wa tano tangu barua ya kwanza. Maziko sikuyawahi, na hakuna fedha inayolipa hilo, lakini sikukubali kwamba kuchelewa kule kulikuwa kosa la hewa tu.

Kwa muda uliobaki, mimi nisingengoja wiki sita nzima. Peleka barua kwa shirika leo, wape siku 14, na wakikataa au wakinyamaza peleka wizarani, huku binti yako aliyeko hapa akiuliza mapema kwa wakili au kwa chama cha kutetea walaji namna ya kufungua madai mahakamani kabla ya mwezi wa nane, kwa sababu hata malalamiko ya wizarani usiyategemee kusimamisha muda.

Karani wa Zamani wa Ajansi

Nakubali kosa langu, na ninamwomba Mama radhi. Nilichanganya muda wa sheria mbili, na kosa la namna hiyo ndilo linalowagharimu watu. Fuata maneno ya ndugu wa Liège.

Mama wa Kamalondo

Ndugu zangu, nimesoma yote mara mbili, na mara ya pili nilisoma kwa sauti mume wangu akisikiliza. Nilikuwa sijui kabisa habari ya mwaka mmoja. Mungu awabariki.

Nimetoa karatasi zangu zote nikazipanga mezani. Tiketi ninayo, kwenye barua pepe ya binti yangu. Kadi za kupandia ndege ninazo nne, mbili zangu na mbili za mtoto, lakini zimefifia. Ile ya safari ya pili imebaki nyeupe karibu yote, jina langu linaonekana nusu na saa haionekani tena. Nilikuwa nimezihifadhi katika kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, nikidhani kwamba hapo ni salama. Picha ya ubao wa matangazo ulioandika kwamba safari imefutwa ninayo, mwanangu aliipiga kwa simu. Je, kadi zilizofifia zinaniharibia madai?

Jambo la pili ni sanduku letu moja lililokuja baada ya siku sita, ndani yake nguo za mtoto na dawa zangu za shinikizo la damu, ambazo nililazimika kuzinunua upya hapa. Je, hilo nalo naweza kuliingiza katika barua hiyo hiyo?

Na yule kijana wa asilimia 40, nimjibu nini?

Karani wa Zamani wa Ajansi

Kadi zikififia si mwisho wa habari. Karatasi ile haiandikwi kwa wino. Inaandikwa kwa joto, na joto hilo hilo la juu ya kabati zetu linaifuta. Zipige picha leo kwenye mwanga wa jua, hata hiyo iliyobaki nusu, na mara nyingine uzipige picha siku ile ile ya safari. Kinachotambulisha safari yako zaidi ni namba ya tiketi yenye tarakimu 13 na zile herufi sita za uhifadhi. Kwa hizo shirika linaona kila kitu katika kompyuta yake: kama ulipanda, ulipanda ipi, na ilifika saa ngapi. Kama ulipigiwa muhuri wa kuingia katika pasipoti hapa Luano, piga picha ukurasa huo pia, kwa sababu unaonyesha tarehe uliyofika kweli.

Nieleze hapa jambo moja kwa faida ya wengine watakaosoma. Saa ya kufika inayohesabiwa ni ile ya mlango wa ndege kufunguliwa, si ile ya magurudumu kugusa ardhi. Iko kesi ya mwaka 2014 ya abiria wa Germanwings aliyetoka Salzburg kwenda Köln, akitakiwa kufika saa 8:40 mchana. Ndege iligusa ardhi saa 11:38 jioni, yaani dakika mbili kabla ya kutimia saa tatu za kuchelewa, ikafika mahali pa kuegesha saa 11:43, na mlango ukafunguliwa baadaye kidogo. Shirika lilisema hakutimiza saa tatu zinazompa abiria fidia. Mahakama ikasema alitimiza, kwa sababu mpaka mlango ufunguliwe mtu bado amefungiwa ndani na hawezi kufanya shughuli zake. Kwa safari ndefu kama zetu kuna mpaka mwingine: ukifika na kuchelewa kati ya saa tatu na saa nne, shirika linaweza kupunguza yuro 600 hadi 300. Basi mlango unapofunguliwa, tazameni saa na kuiandika. Wewe, Mama, kwa saa zako 26, huna haja ya kubishana juu ya dakika.

Sanduku ni habari ya uchungu. Linahusu Mkataba wa Montreal, na mkataba unataka malalamiko ya maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa mzigo uliochelewa, au siku 7 ikiwa mzigo umeharibika. Fomu iliyojazwa pale uwanjani siku ya kwanza hutambulisha kwamba mzigo haukufika, lakini ni hatari kuitegemea kama ndiyo malalamiko yenyewe. Kama uliandika barua yoyote au barua pepe katika siku hizo 21, itafute. Kama hukuandika, dawa hizo zimekupotea, nasikitika kusema hivyo. Usiliingize sanduku katika barua ya fidia, maana utawapa sababu ya kujibu juu ya sanduku na kunyamaza juu ya fidia.

Kuhusu kijana: asilimia 40 ya 1,200 ni yuro 480, kwa kazi ya kuandika barua moja ambayo tutakuandikia hapa bure. Mbaya zaidi ni ile hati ya uwakilishi, ikiwa inamruhusu kupokea fedha kwa niaba yako. Nimeona mtu wa Katuba akingoja miezi mitatu fedha ambazo zilikwisha kulipwa zamani kwenye akaunti ya aliyemwakilisha. Sisemi kwamba wote wako hivyo, na kwa kesi iliyofika mahakamani wakili anastahili malipo yake. Lakini hatua ya kwanza ni yako mwenyewe.

Mwana wa Goma, kwa sasa Lubumbashi

Naomba niongeze jambo moja ambalo nimelipitia, kwa ajili ya sisi tuliotoka upande wa Kivu, kwa maana watu wengi wakisikia "hali zisizo za kawaida" hufikiri kwamba basi shirika halina wajibu wowote tena.

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, uwanja wa Goma ulifungwa, na mdogo wangu aliyekuwa njiani kutoka Brussels kwenda Goma kwa tiketi moja akakwama katikati. Fidia ya yuro 600 hakustahili, na hatukuidai. Mlima ukilipuka si kosa la mwenye ndege. Lakini chakula, mahali pa kulala, usafiri wa kwenda hotelini na kurudi, na nafasi ya kupiga simu mbili au kutuma barua pepe ni wajibu wa shirika hata katika hali hiyo, na pia kumpa abiria nafasi ya kuchagua kati ya kurudishiwa nauli na kufikishwa kwa njia nyingine. Mahakama ya Ulaya ilisema hivyo wazi mwaka 2013 katika kesi ya abiria wa Ryanair aliyekwama wakati majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga la Ulaya mwaka 2010: wajibu wa kumtunza abiria hauna kikomo cha siku wala cha fedha, mradi gharama ziwe za lazima na za kiasi. Mdogo wangu alijilipia chumba cha bei ya kawaida na chakula, akahifadhi kila stakabadhi, na baadaye alirudishiwa. Chupa mbili za bia alizoagiza hazikurudishwa, na ni haki.

Kwa hiyo Mama, ule usiku mliolala kwenye viti vya chuma, shirika lilivunja wajibu wake, iwe mitambo iliharibika au haikuharibika. Liandike hilo katika barua, hata kama hukutumia fedha. Na wengine mkikwama tena bila kupewa chumba, mkiwa na uwezo, chukueni chumba cha kawaida na mtunze stakabadhi. Msimlaze mtoto ukumbini.

Mwana wa Ruashi, Liège

Mama, hii hapa barua. Iandike kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha watakayoijibu kwa urahisi na ambayo wizara hapa itaisoma. Kwa Kiswahili inasema hivi:

"Mimi mwenye sahihi hapa chini, pamoja na mwanangu, tulikuwa abiria wenu tarehe fulani, kwa tiketi namba fulani na fulani, uhifadhi mmoja, kutoka Brussels hadi Lubumbashi. Safari yenu ya pili ilifutwa baada ya sisi kupanda ndege. Tulitakiwa kufika Lubumbashi tarehe na saa fulani. Mlango wa ndege iliyotufikisha ulifunguliwa tarehe na saa fulani, yaani saa 26 baadaye. Hatukupewa mahali pa kulala. Kwa mujibu wa ibara ya 5 na ya 7 ya Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, nadai yuro 600 kwa kila abiria, jumla yuro 1,200, zilipwe kwa benki katika akaunti ifuatayo. Vocha mliyopendekeza siikubali. Mkidai kwamba kulikuwa na hali zisizo za kawaida, naomba mnipe maelezo ya hitilafu yenyewe pamoja na uthibitisho wake. Nangoja jibu lenu ndani ya siku 14, na baada ya hapo nitalipeleka shauri hili kwa idara husika ya Ubelgiji na mahakamani."

Usiongeze matusi wala masikitiko marefu. Ijaze katika fomu ya malalamiko iliyo kwenye tovuti yao, upige picha ukurasa unaoonyesha kwamba imepokelewa pamoja na namba yake, kisha upeleke nakala kwa mkono katika ofisi ya hapo Lubumbashi na uombe mhuri wa kupokelewa juu ya nakala yako. Mhuri huo una thamani kubwa kuliko ahadi yoyote ya mdomo. Kwa akaunti, ukitumia ya binti yako aliyeko Ubelgiji itakuwa rahisi zaidi, lakini andika na kutia sahihi kwamba unaomba ilipwe huko, ili wasipate kisingizio cha majina kutofanana.

Mfanyabiashara wa Golf

Mama, naondoa ushauri wangu wa mwanzo. Nilisema kwa moyo mzuri lakini bila kujua. Stakabadhi ya hoteli ya Johannesburg nimeipata katika barua pepe, na dereva amekubali kuniandikia karatasi ya siku ile.

Mama wa Kamalondo

Barua imekwenda. Jana usiku tuliijaza kwenye tovuti, mwanangu akiandika na mimi nikimsomea, na leo asubuhi nimepeleka nakala ofisini. Karani yule yule alinipokea. Aliisoma yote akiwa amesimama, akaniuliza nani aliyeniandikia, nikamjibu kwamba nimeandika mwenyewe na ndugu zangu. Mwanzoni alisema ofisi yao haipokei barua za namna hii. Nilimwomba aniandikie maneno hayo na kutia sahihi. Akaenda ndani, akarudi baada ya robo saa, akagonga mhuri wenye tarehe ya leo juu ya nakala yangu.

Siku 14 zitatimia tarehe 24. Binti yangu amekwisha omba miadi na wakili huko Brussels kwa juma litakalofuata, ili tusikutwe na mwezi wa nane. Barua ya sanduku nimeitafuta na sikuipata, kwa hiyo hilo nimeliacha. Kijana wa asilimia 40 nimemshukuru na kumwambia kwamba sihitaji. Jibu la shirika likija, lolote litakalokuwa, nitaliandika hapa neno kwa neno.